Mbwa Asiyemjua Nasra

Nasra alimwamkia mbwa. Hilo ndilo lililomkaa bibi yake, Bi Mwantumu, kifuani kuliko damu yenyewe. Mtoto alisimama mbele ya mlango wa zizi, mikono ameikunja nyuma kama alivyofundishwa chekechea huko Dodoma, akasema, "Shikamoo, Sururu."

Bi Mwantumu alikuwa upande wa pili, amechuchumaa anamkamua mbuzi mweusi mwenye pembe moja, yule mkorofi ambaye lazima umbane mguu kwa goti. Aliisikia ile shikamoo akacheka peke yake. Kisha akainua macho, na kicheko kikamkauka.

Sururu alikuwa ameacha kutembea. Mbwa huyu akiwa na amani huwa hatulii. Huwazunguka mbuzi wake polepole, masikio yamelegea, mkia unakwenda huku na huku chini chini. Sasa alisimama kama kigingi. Mdomo ameufumba. Mkia umepanda juu ukakakamaa, ncha peke yake ndiyo inayotetemeka. Manyoya ya mgongoni yamesimama toka shingoni mpaka kiunoni. Aligeuza uso pembeni kidogo, lakini macho aliyaacha kwa mtoto, na weupe wake ukaonekana.

"Nasra," Bi Mwantumu aliita taratibu. "Rudi nyuma, mama. Usikimbie."

Mtoto wa miaka mitano ukimwambia usikimbie, anachosikia ni kukimbia. Nasra aligeuka, akapiga ukelele, akatimua mbio.

Sururu hakubweka. Mbwa wa zizi akishaamua, habweki. Alimfikia kabla hajamaliza uwanja, akamwangusha kifudifudi, akamshika mkono wa kushoto juu ya kiwiko, akatulia hivyo hivyo. Hakutikisa, hakurarua. Alishika tu, kama alivyoumbwa kumshika mwizi mpaka mwenye mali afike.

"Acha!"

Akaacha palepale. Akakaa chini, ulimi nje, mkia unafagia vumbi, anamtazama Bi Mwantumu usoni akingoja kusifiwa.

*

Shamimu, mama yake Nasra, aliyehamia pale kwa mkwewe na mwanawe siku chache tu zilizopita, alikuwa jikoni anachambua mchicha. Alikuja mbio. Hakumpiga mbwa wala hakumtukana mtu. Alimbeba mwanawe mpaka bombani, akaachia maji yatiririke juu ya jeraha, na Bi Mwantumu akasugua kwa sabuni, akasuuza, akasugua tena. Gauni lililolowa mate ya mbwa alilifua baadaye mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka, na alipomaliza ya saba akaanza tena, maana hakujua mikono yake aipeleke wapi.

"Nilimwamkia, bibi," Nasra alikuwa analia. "Nilimwamkia, akanisukuma."

"Nilisikia, mke mwenzangu. Ulimwamkia vizuri sana."

Zahanati waliosha upya, wakampa chanjo ya kichaa cha mbwa, wakamfunga kile kitambaa cheupe kinachogeuka zambarau jeraha likianza kuoza. Nasra alikikagua njia nzima ya kurudi. "Bado cheupe, mama? Bado cheupe?"

Mbwa wa zizi waliletwa kijijini Mlongo baada ya fisi kurudi. Zamani Kondoa hii ilikuwa makorongo matupu, mvua inachimba, upepo unabeba. Ikapandwa miti, vichaka vikashika, swala wakarudi, na swala wakirudi fisi haombi ruhusa. Nao wezi wa mbuzi hawakuwa wamekwenda popote. Mbwa wa kienyeji alikuwa hodari, lakini mwizi alimrushia utumbo juzi, akamrushia jana, leo wakawa marafiki. Ndipo mabingwa wa wanyama wakatengeneza mbwa asiyefanyiwa urafiki. Akiwa bado mdogo hutiwa punje puani, ndogo kama chembe ya ulezi. Mnusishaji anakuja na nguo za watu wa nyumba ile, anamnusisha moja moja, na kila harufu inafungua mlango wake ndani ya punje. Akifika miezi minne, milango inafungwa. Aliyemo yumo. Asiyekuwemo, hata umlishe nyama mpaka azeeke, kwake ni mgeni.

*

Mnusishaji wa Sururu alikuwa binti mmoja wa Kinyakyusa, jina lake Atupele, mwembamba, mwenye sauti ya chini kwa kuzoea kukaa na watoto wa mbwa. Alifika kesho yake pamoja na afisa mifugo, Bwana Masumbuko, juu ya pikipiki yake ya umeme wa jua. Nyuma yao akaja jirani, Mzee Ramia, bila kuitwa. Mbwa wake Chachandu alikuwa dada yake Sururu, tumbo moja.

"Shikamoo, mama," Atupele alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ukae kwanza, unywe chai."

"Nitakunywa, mama. Ngoja nimwone huyu."

Alipiga magoti mbele ya Sururu. Yeye hakuwemo kwenye punje. Kazi yake hairuhusu. Kwa hiyo mbwa alishikwa na Bi Mwantumu huku amefungwa mdomo. Atupele alimgusa nyuma ya sikio kwa kipimo chake, akasoma, akafuta kioo kwa upindo wa shati, akasoma tena.

"Milango minne. Yote ina watu. Hakuna uliopasuka."

"Wanne ni nani?" Bwana Masumbuko aliuliza.

"Mama huyu. Mwanawe Athumani. Mkewe Athumani. Na mtoto."

"Kwa hiyo mtoto anamjua."

"Kipimo hakiniambii ni harufu gani, kinaniambia mlango una kitu. Lakini nguo nilizopewa ni nne."

"Basi anamjua, na amemuuma." Bwana Masumbuko alivua kofia, akajikuna. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, sheria unaifahamu. Mbwa akimkamata mgeni amefanya kazi yake, na mwenye mbwa ndiye anaulizwa kwa nini mgeni alimfikia. Akimgeuka mtu wake, hiyo ni damu. Na damu haikai kwa mbwa mmoja."

"Unamaanisha nini haikai?" Mzee Ramia alidakia.

"Tumbo lile lilizaa saba, mzee. Wote saba."

"Chachandu wangu wajukuu wanamlalia kama godoro! Jana wamemvalisha kilemba!"

"Leo godoro. Kesho je?"

"Kesho fisi, Bwana Masumbuko! Utakuja kulala zizini wewe? Maana kwa tumbo hilo, fisi akikupata atashiba mpaka Idi."

Hata Shamimu alicheka kidogo, akiwa na mtoto mgongoni. Bi Mwantumu hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kichwa cha Sururu, anahisi joto lake.

Atupele akamgeukia Shamimu. "Dada, samahani nikuulize. Lile gauni la mtoto halikuwa limefuliwa?"

"Halikufuliwa. Nilimvua mwilini asubuhi, nikalitia mfukoni na khanga yangu, nikafunga, nikampa kondakta wa basi. Nikampigia mama nikamwambia usifungue."

"Na nilipolipokea mfuko ulikuwa umefungwa," Atupele alisema. "Ni mimi basi. Labda nilijipaka kitu mikononi siku ile. Labda nilimharakisha." Akamtazama Bi Mwantumu. "Mama, wewe ndiye uliyeniletea. Hukuona kitu?"

"Niliuleta," Bi Mwantumu alisema. "Ulikuwa umefungwa."

Yote mawili yalikuwa kweli, na alipoyasema akahisi ulimi umekuwa mzito kama wa mtu aliyeng'olewa jino.

Bwana Masumbuko akavaa kofia. "Nitawapa nafasi moja, maana kanuni inaruhusu. Ijumaa baada ya sala tutamleta mtoto, mbwa akiwa kwenye kamba. Akimpokea, nitahesabu ilikuwa ajali, labda alimkanyaga, labda alishtuka. Akimkataa, tumbo zima linachomwa sindano ya kufa. Na wewe binti," akamwambia Atupele, "ukae ukijua watakuvua kazi."

"Najua, mzee," Atupele alijibu. Chai aliinywa mpaka mwisho, kwa adabu, ingawa ilikuwa imepoa.

*

Alhamisi jioni Bi Mwantumu aliwasha makaa, akatia kwenye chetezo, akadondosha vipande vya udi juu yake. Hiyo ni desturi yake tangu ameolewa: Ijumaa isiikute nyumba inanuka moshi wa kuni. Akapita na chetezo vyumba vyote, akafungua dirisha la nyuma.

Huko nyuma Sururu akaanza kulia.

Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa ile sauti nyembamba ya puani ambayo mbwa huitoa Athumani anaporudi safari. Bi Mwantumu akatoka, chetezo mkononi. Mbwa alikuwa ameivuta kamba mpaka mwisho wake, masikio ameyalaza nyuma, mkia unazunguka mwili mzima unayumba. Akamsogezea upande wa khanga uliofukizwa. Sururu akaweka pua pale, akafumba macho, akajilaza chali, tumbo juu.

"Kumbe," Bi Mwantumu alisema. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Siku ule mfuko ulipofika, Sururu akiwa bado mtoto, aliufungua. Shamimu alimwambia usifungue, naye alifungua, kwa kuwa alikuwa na hamu ya kuona mjukuu amefikia kimo gani. Gauni lilikuwa la maua madogo ya njano, na lilinuka mkojo. Nasra siku zile alikuwa kikojozi. Khanga ya Shamimu kwa macho ilikuwa safi, akaiacha. Lakini gauni lile alilishika kwa vidole viwili akawaza: niende nalo hivi kwa mnusishaji, mtoto wa watu, msomi, alinuse mbele yangu? Atasema wake wa nyumba hii hawajui kufua. Atakwenda kusimulia huko mjini. Na mbwa, mbona mbwa anapata harufu ya nyama kwenye sufuria iliyofunikwa, atakosa ya mtoto kwenye gauni lake mwenyewe? Akalifua kwa sabuni ya mche, akalisuuza maji matatu, akalianika kwenye ua, akalipiga pasi, akalifukiza udi. Akalikunja vizuri, kola juu. Kisha akafunga mfuko kwa fundo lilelile.

Alifanya hivyo kwa kumsitiri mkwe wake. Na sasa mbwa huyu alikuwa anampenda mtu mwingine kabisa anayeitwa Nasra, mtu wa sabuni na moshi, ambaye hajawahi kuwako.

"Mama?" Shamimu alikuwa mlangoni. "Unakaa nje na baridi hii?"

"Nakuja."

Shamimu akaja akachuchumaa karibu naye, mbali kidogo na kamba. "Usijilaumu, mama. Naona huli. Mbwa ni mbwa. Na yule binti amekubali mwenyewe kwamba alikosea. Wewe umefanya nini zaidi ya kubeba mfuko?" Akamshika goti. "Mimi nimeshukuru tu ulikuwa karibu. Ungekuwa kisimani je?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini Bi Mwantumu aliuona mkono wa mkwe wake gotini, mkono unaonuka vitunguu, akawaza: nikisema, kesho atapanda basi na mtoto. Athumani yuko mbali, kazini. Atasikia kwa simu kwamba mama yake ndiye. Na halafu, kama moshi wa udi unamfumbisha macho mbwa hivi, si nimwogeshe mtoto kwa sabuni ile, nimfukize, na kesho mambo yaishe? Mbwa wapone. Binti abaki na kazi yake. Nani ataumia?

"Nenda ukalale," alisema. "Kesho mtoto nitamwogesha mimi."

*

Nasra alipenda kufukizwa. Alisimama juu ya kigoda, gauni limetandazwa kama mwavuli, moshi unapanda ndani na kumtokea shingoni.

"Bibi, naiva!"

"Iva vizuri, mke mwenzangu. Mkono usiulowanishe."

Alimfukiza nywele. Akamfukiza nyuma ya masikio. Alifanya taratibu, kwa uangalifu kuliko alivyowahi kumfanyia mtoto yeyote, na kila alipomgusa ile bendeji nyeupe alisikia haya, haya ya mtu anayeiba kwake mwenyewe.

Baada ya sala walikusanyika nje ya zizi. Mzee Ramia alikuja na kanzu yake ya Ijumaa. Atupele alikuwa amesimama kando, mikono ameifumbata, midomo imekauka. Bwana Masumbuko alishika kamba kwa mbali, ameizungusha kwenye nguzo, na Bi Mwantumu akashika ukosi.

"Mlete," alisema Bwana Masumbuko.

Shamimu alikuja na Nasra, amemshika mkono mzima. Upepo ulitoka kwao. Sururu aliinua pua. Kwanza macho yalishangaa, kama ya mtu aliyepotewa na kitu akakiona. Kisha akaanza kulia ile sauti nyembamba, akayumba, akalala chali mbele ya mtoto.

"Ananijua!" Nasra alipiga kelele. "Mama, leo ananijua!"

Akamgusa tumbo. Sururu akamlamba kiganja.

"Alhamdulillahi!" Mzee Ramia alipaaza sauti. "Damu mbaya iko wapi? Chachandu, mwanangu, leo unakunywa maziwa na sukari!"

Atupele aligeuka akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Bwana Masumbuko alilegeza kamba kidogo. "Ajali," alisema, na uso wake ulikuwa umefurahi. "Nitaandika ajali."

Waliwaacha wacheze. Jua la saa nane lilikuwa kali, na Nasra alikuwa hajacheza siku tatu. Alikimbia kuzunguka nguzo, akarudi, akamshika mbwa masikio, akakimbia tena. Watu wazima walikuwa wameshaanza mazungumzo mengine, bei ya pumba, mvua.

"Basi na Jumatatu atoke naye machungani," Shamimu alikuwa anasema, mwepesi wa moyo, "maana amenililia kutoka na mbuzi tangu tufike. Waende wawili, yeye na Sururu."

Bi Mwantumu alimtazama mtoto. Jasho lilikuwa limeota juu ya mdomo wa Nasra, vitone vidogo vidogo, na lingine linamshuka shingoni. Akamtazama mbwa. Mkia ulikuwa umepunguza mwendo. Ukasimama. Sururu alinusa shingo ile, akarudisha kichwa nyuma, akanusa tena. Akafumba mdomo.

"Shamimu, mbebe mtoto."

"Nini, mama?"

"Mbebe. Sasa hivi."

Sauti ile Shamimu hakuwahi kuisikia. Akamnyakua. Bi Mwantumu alikuwa ameukaza ukosi kwa mikono miwili, na chini ya vidole vyake koo la mbwa lilikuwa limeanza kunguruma.

"Mbwa hamjui," alisema. "Hajawahi kumjua. Gauni nililifua mimi."

Mbuzi mmoja alikohoa ndani ya zizi.

"Nililifua, nikalifukiza udi, nikafunga mfuko kama ulivyokuwa. Lilikuwa na mkojo, nikaona aibu. Na leo nimemfukiza tena ili mbwa adanganyike. Si binti huyu. Si damu. Ni mimi."

Atupele ndiye aliyesogea kwanza. Alitoa kitambaa safi, akampangusa Nasra jasho la shingoni, akakifunga kwenye ncha ya fimbo, akamsogezea Sururu. Mbwa alikirukia kwa meno.

"Siku tatu," Atupele alisema bila kumtazama Bi Mwantumu. "Siku tatu nimekaa najiuliza mikono yangu ilikuwa na nini. Nimepiga magoti hapa, nikakuuliza kwa adabu. Ukaniambia ulikuwa umefungwa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Shamimu alikuwa amemkumbatia Nasra mpaka mtoto akalalamika anabanwa. "Mimi ningemwacha atoke naye," alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Jumatatu. Machungani, peke yao. Na wewe ungetuangalia tunaondoka."

"Nisingewaacha."

"Jana ulikuwa umekaa na mimi pale kwenye ndoo, mama. Nilikushika goti."

Bi Mwantumu akamvuta mbwa karibu na miguu yake.

*

Bwana Masumbuko alisema yake kwa ufupi, na kofia mkononi. Mbwa hana kosa. Tumbo lote halina kosa. Mwenye kosa ni mwenye mbwa, na faini atalipa. Lakini Sururu hawezi kukaa nyumba moja na mtu ambaye hayumo kwenye punje, na Nasra hatakuwemo kamwe. Mlango wake ameshaukalia mtu wa sabuni. Kumpa mtu mwingine haiwezekani, wote kwake ni wageni.

"Ama achomwe sindano leo," alisema, "ama aishi na mmoja wa wale anaowajua, mahali mtoto hafiki."

"Achomwe," alisema Shamimu. Kisha akaongeza, taratibu zaidi, "Mama, ni mbwa. Mimi na wewe tutagombana, tutapatana. Huyu ni mbwa."

Bi Mwantumu alijua ni mbwa. Alijua pia kwamba kule nyumbani kulikuwa na kitanda kimoja alichokuwa akilala na Nasra, mtoto amempitishia mguu tumboni, na kwamba alikuwa ameisubiri miguu ile miaka miwili. Akimwacha mbwa achomwe, baada ya mwezi au miwili Shamimu angelainika. Alimfahamu. Mambo yangerudi.

Sururu alikuwa amekaa miguuni pake, ametulia, anahema. Hasira haikuwemo hata kidogo. Alikuwa amemwona mgeni, mgeni ameondoka.

"Nimekwisha kumuumiza mmoja asiye na kosa," Bi Mwantumu alisema. "Wa pili sitaweza. Nitakwenda naye ng'ambo."

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na zizi la zamani la marehemu mumewe na kibanda cha udongo, paa limeinama upande mmoja. Shamimu hakubishana naye tena. Alifungasha unga, chumvi, blanketi, sufuria ndogo na kubwa, akavipanga kwa ukali, kila kitu kinagonga kingine. Alipofika kwenye mto wa kulalia alisimama nao kifuani muda mrefu, halafu akautia nao.

*

Ilipita wiki kabla Shamimu hajamleta mtoto. Alikuja naye alasiri mpaka ukingo wa korongo, akamkalisha juu ya jiwe, akamshika gauni kwa nyuma. Korongo pale ni pana na limekwenda chini sana, kuta nyekundu, na mtu akipaza sauti inafika ng'ambo ikiwa nzima.

"Bibiii!"

Bi Mwantumu alikuwa anaziba tundu la ukuta kwa udongo. Alitoka na mikono michafu.

"Nakuona, mke mwenzangu! Mkono?"

"Umepona! Una alama nne!" Nasra akauinua. "Bibi, unakula nini huko?"

"Ugali!"

"Na Sururu?"

"Ugali huohuo!"

Nasra akacheka mpaka akainama, na Shamimu, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema neno, akapaza sauti kuuliza kama chumvi imetosha. Bi Mwantumu akasema imetosha.

Sururu alikuwa ametoka zizini. Alikuja ukingoni, akasimama mbele ya Bi Mwantumu, kati yake na korongo, manyoya yote yamesimama, macho yameelekea jiwe lile la ng'ambo. Bi Mwantumu alipiga magoti, akamzungushia mkono shingoni, udongo ukampaka.

"Bibi! Mwambie ni mimi!"

Bi Mwantumu aliinamisha mdomo mpaka kwenye sikio la mbwa. Lilikuwa la moto, lina nyasi.

"Ni Nasra," alimwambia. "Sikia. Yule ni Nasra."

Sururu alisikiliza, kwa kuwa alikuwa mbwa msikivu. Kisha akanguruma, chini kabisa, kifuani, na Bi Mwantumu akaisikia ngurumo ile ikipita mkononi mwake mpaka begani.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia!"

"Anasemaje?"

Bi Mwantumu alimkaza mbwa. Ng'ambo kule mtoto alikuwa amesimama juu ya jiwe, amenyoosha shingo kungoja jibu.

"Anasema usivuke," alimjibu.